Jino la Mama Gaude

1

Mgonjwa anayeficha maumivu ya jino hujisaliti miguuni. Mdomo unaweza kufundishwa kutulia, na macho yanaweza kufumbwa, lakini vidole vya miguu havina adabu hiyo. Barafu ikigusa jino bovu vinajikunja vyenyewe ndani ya kiatu. Kwa miaka thelathini na minne nimetazama viatu vya watu zaidi ya nyuso zao. Asubuhi ile Mama Gaude alikuja na mabuti ya mpira ya shambani, marefu hadi magotini, na sikuona kitu.

Ilikuwa Julai, na Kilambo cha Juu mwezi huo haina huruma. Sakitu, ule umande ulioganda, ilikuwa imetanda juu ya pareto nje ya kituo, na watu walitembea wamejikunyata, mikono kwapani. Mama Gaude alikuwa amejifunga kitenge mdomoni mpaka puani. Bintiye Skolastika, aliyemleta, aliniambia mlangoni kwamba hewa tu ikimpita mama yake kwenye meno, anasimama njiani na kushika shavu. Nikamwomba binti asubiri kwenye benchi la ukumbini, nikafunga mlango.

"Kamwene, Daktari," mama alisema, akivua kitenge taratibu.

"Kamwene, mama. Jino gani linakusumbua?"

"Halinisumbui sana. Huyu mtoto ndiye mwenye wasiwasi."

Nilimlaza kwenye kiti, nikawasha taa. Gego la chini, upande wa kulia, lilikuwa na nukta ya buluu pembeni, ndogo kama mbegu ya mchicha. Niliizima mashine ya kupimia meno, nikaifunika shuka na kuisukuma ukutani, kama sheria inavyotaka. Mashine hiyo ingenipa jibu kwa sekunde nne, kwamba jino ni la kuzibwa au ni la kuua mshipa. Lakini mawimbi yake huunguza mwangwi, na nukta ya buluu maana yake ni kwamba ndani ya jino lile kuna mwangwi.

Mtu akifariki, mafundi wa mwangwi huchukua chembe za mwili wake na maneno aliyoyasema nyumbani, yale ambayo nyumba zetu siku hizi zinayanasa mchana kutwa bila kuombwa. Kutokana na hivyo huotesha uzi hai, mwembamba kuliko unywele, wakaupandikiza katikati ya gego la ndugu mmoja. Uzi huishi kwa damu ya jino. Ukiuma upande ule unaminywa, nao unasema, na sauti inapita kwenye mfupa wa taya hadi sikioni mwako wewe peke yako. Yanakuwa maneno thelathini au arobaini, si zaidi.

Zamani sauti za marehemu zilikaa kwenye simu. Wajanja wakazifundisha kudai michango ya harusi, kubadilisha wosia, hata kutangaza sabuni. Bunge likapiga marufuku nakala zote. Marehemu mmoja atakuwa na sauti moja, katika mwili mmoja, na jino likifa basi. Ndivyo mimi, Kandida Mgaya, daktari wa meno niliyesomea kuziba matundu ya watoto wapenda pipi, nilivyojikuta mlinzi wa makaburi.

Kwa hiyo meno haya tunayapima kwa njia ya bibi zetu: barafu, kidole na kuhesabu. Barafu inawekwa kwenye jino, kisha inaondolewa. Maumivu yakiondoka pamoja na barafu, mshipa bado una nguvu, unaziba tu na mtu anakwenda zake. Yakibaki yanapiga, mshipa umeshindwa, na usipoutoa utaoza humo humo, na usaha ushuke kwenye taya.

"Nitaweka baridi," nilimwambia. "Ukianza kuumwa nyoosha kidole. Maumivu yakiisha kishushe. Tuelewane hapo tu."

Nilianza na jino la jirani, lililo zima, ili nimjue. Kidole kikapanda, kikashuka. Nikahamia gego lenye nukta. Nikalishikilia barafu mpaka ncha za vidole vyangu mwenyewe zikafa ganzi. Mama Gaude alilala kama gogo. Kidole hakikupanda, kope hazikucheza.

Nikarudia. Hakuna kitu.

Niliweka barafu chini na moyo wangu ukashuka nayo. Nilikuwa nimeshasema maneno haya kwa watu kumi na mmoja kabla yake, na hayajawahi kuzoeleka.

"Mama, jino lisilosikia baridi kabisa ni jino lililokufa. Mshipa wake umekwisha. Pole sana. Itanibidi nifungue leo, nitoe kilichomo."

Alikaa ghafla, taa ikamgonga paji la uso.

"Haujafa."

"Mama..."

"Ameongea sasa hivi tukiwa njiani. Pale kwenye daraja. Daktari, linauma. Linauma mpaka naona giza. Wenzangu wa kwaya waliniambia ukinyoosha kidole tu, daktari anaua mshipa. Ndiyo maana nimekaza."

Sikujua nicheke au nimgombeze. Wanawake wa milima hii hufundishwa kukaza tangu wangali wasichana. Wanapanda mteremko na gunia la viazi mgongoni bila kuguna, wanajifungua mkunga akiwa ndiye mwenye kelele chumbani. Mama huyu alikuwa amejikaza vizuri kiasi cha kujitangazia msiba mwenyewe. Kama asingesema, ningemtoboa jino hai.

"Hao wenzako wa kwaya," nilimwambia, "waambie waimbe. Meno waniachie mimi."

Akatabasamu kidogo, kisha machozi yakamtoka, akayaacha.

2

Safari hii alinyoosha kidole kabla barafu haijatulia. Nikaiondoa, nikaanza kuhesabu kwa sauti. Kanuni yangu ni fupi: chini ya kumi naziba, zaidi ya thelathini naua mshipa. Nilifika kumi, kidole kikiwa juu kinatetemeka. Kumi na tano. Kilishuka kwenye kumi na tisa.

Kumi na tisa ni hesabu inayomnyima daktari wa meno usingizi. Nikaligonga jino kwa mpini wa kioo, akasema linauma lakini si sana. Nikauliza kama linamwamsha usiku, akasema mara moja tu wiki iliyopita. Picha ya eksirei, ambayo haidhuru mwangwi, ilionyesha mfupa safi kuzunguka mizizi, na ufa uliokatiza jino kutoka juu kwenda chini. Ufa ulifika wapi, picha haikusema. Kila dalili ilisimama mlangoni, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Unatafuna nini na jino hili?"

"Mahindi ya kukaanga."

"Mafundi walikuambia uume mara tatu kwa siku, basi. Na kitu laini."

"Una watoto, Daktari?"

"Wawili. Mmoja Mbeya, mmoja Songea."

"Ukiongea nao mara tatu kwa siku inakutosha?"

"Wangu hata hiyo mara moja hawapokei simu."

Alicheka, kisha akaniambia habari za bintiye Gaudensia bila mimi kuuliza. Alikuwa na miaka ishirini na miwili. Alipata homa Jumatatu, wakamzika Ijumaa. Ndani ya jino alikuwa na maneno thelathini na sita, na mama yake aliyajua yote kwa mpangilio. Husema chai imepoa, husema mama nimerudi, humwuliza kuku wamefungwa au bado. "Na kuna mahali anacheka tu," alisema. "Hasemi kitu, anacheka. Hapo huwa hapaji haraka. Inabidi utafune sana mpaka ufike."

Basi ndiyo yalikuwa maradhi yake. Kwa miaka miwili alitafuna mahindi makavu kutwa nzima akimtafuta mwanawe acheke, mpaka jino likapasuka. Nilimwambia apumzike, nikatoka kwenda kuchukua dawa ambayo sikuihitaji.

Skolastika alisimama aliponiona. Alikuwa msichana mwembamba wa miaka kumi na saba, mwenye mikono iliyopasuka kwa baridi na udongo.

"Shikamoo tena, Daktari. Anazibwa au anauliwa mshipa?"

"Marahaba. Bado sijajua, mwanangu. Ni katikati."

Alitazama mlango, kisha akasogea karibu.

"Naomba useme umeoza."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia, kwa sauti ile ile ya chini.

"Hata kama haujaoza. Nakuomba. Mimi natoka shamba kila jioni, nafika mlangoni nasema mama, nimerudi. Ananinyooshea mkono ninyamaze. Anataka amsikie dada akisema amerudi. Nilimpenda dada. Alinilea mgongoni, Daktari. Lakini miaka miwili mama hajaniuliza nimekula nini. Mwaka jana nililazwa siku tano kwa kichomi, alikuja mara moja, akaketi kitandani kwangu anatafuna."

"Unajua unaniomba nini?"

"Najua. Nimekuwa nikiomba Mungu hivyo hivyo, nikiona aibu. Sasa nakuomba wewe."

Nilitakiwa kumkemea. Badala yake nikamshika bega, nikamwambia akae, na nikarudi ndani bila kumjibu. Kutojibu nako ni jibu, hilo mtu mzima yeyote analijua.

3

Miaka sita kabla ya siku ile nilimzibia jino mzee mmoja mwenye mwangwi wa mkewe. Hesabu yake ilifika ishirini na nne. Aliniomba, nikamwonea huruma, nikaziba. Wiki ya tatu shingo ilivimba ikampita kidevu, na njia ya pumzi ikaziba kabla gari halijafika hospitali ya mkoa. Wanawe walinishukuru kwa jinsi nilivyomhurumia baba yao. Tangu hapo huruma naiogopa, nikiiona inakuja napisha njia.

Nilimweleza Mama Gaude ukweli wote niliokuwa nao. Nilimwambia barafu imeshindwa kuamua, picha imeshindwa, na imebaki njia moja tu. Nitampiga ganzi, nitafungua jino, nitaitazama damu. Damu nyekundu, ikikandamizwa na pamba ikakatika ndani ya dakika tano, mshipa ni mzima. Nitaweka dawa juu yake na kuziba, na mwangwi utaamka ganzi ikiisha. Damu nyeusi, au isiyokatika, au usaha, mshipa umeoza na nitautoa.

"Ukikuta ni mzima utaziba?"

"Nitaziba."

"Ukikuta umeoza utaniambia?"

"Nitakuambia."

Alinitazama muda mrefu. Alikuwa na macho ya mtu aliyezoea kupima mbegu kabla ya kununua.

"Ngoja kwanza," alisema. Akaingiza pamba niliyompa katikati ya meno, akauma. Uso ulimkunjamana kwa maumivu. Akauma tena, na tena, jasho likamtoka penye baridi ile. Nilisimama na sindano mkononi nikageukia ukutani, kwa sababu yapo mambo daktari hapaswi kuyatazama. Baadaye nikamsikia akishusha pumzi.

"Amecheka," alisema. "Haya, choma."

Ganzi ilishika. Nilitoboa kufuata ufa, taratibu, maji yakinyunyiza. Kwenye kina cha milimita mbili na nusu, sakafu ya jino iliachia na damu ikachomoza.

Ilikuwa nyekundu. Nyekundu ya kidole kilichochomwa na mwiba, safi, isiyo na harufu. Niliweka pamba, nikatazama saa ya ukutani. Dakika moja. Dakika mbili. Nilikuwa nikiomba iendelee kutoka, Mungu anisamehe. Dakika ya tatu niliinua pamba, na chini yake damu ilikuwa imekatika, mshipa ni wa waridi, na uzi wa mwangwi ulionekana katikati yake ukimetameta kidogo kila moyo wa mama ulipopiga.

Jibu lilikuwa hilo. Hakuna kitabu cha meno duniani ambacho kingenipa jibu jingine. Dawa ilikuwa kwenye trei, upande wangu wa kushoto. Kuziba kungenichukua dakika kumi.

Mama Gaude alikuwa amefumba macho, mikono kifuani. Hakusikia kitu chochote katika jino lile, wala maumivu wala mwanawe. Nyuma ya mlango Skolastika alikohoa. Nilifikiria ile hodi yake ya jioni isiyojibiwa, nikafikiria kitanda cha hospitali na mama anayetafuna pembeni yake. Nikafikiria pia kwamba ufa utaendelea, kwamba mwaka huu au mwaka ujao jino lile lingekufa tu, nikijua kabisa kwamba hiyo ni hoja ya mwizi anayesema mali ingechakaa. Mtoto aliye hai anaachwa, na aliyekufa anasikilizwa, na mimi peke yangu nilikuwa na mkono katikati yao. Nani alinipa mkono huo? Hakuna. Nilijipa.

Nilichukua sindano nyembamba ya kusafishia mizizi, nikaiingiza, nikaizungusha mara mbili na kuvuta.

Ulitoka mzima. Uzi ulimetameta juu ya pamba kwa muda wa pumzi tatu au nne, ukaacha. Nilisafisha mizizi, nikaijaza, nikafunga jino vizuri kuliko nilivyowahi kufunga jino lolote. Mikono yangu haikutetemeka, na hilo bado linanitisha.

4

Nilimkalisha, nikampa maji asukutue. Ganzi ilikuwa imemlegeza nusu ya mdomo, maji yakamchuruzika kidevuni, nikamfuta.

"Ulikuwaje?" aliuliza.

"Ulikuwa umeoza, mama. Pole."

Aliinamisha kichwa. Hakulia. Nilianza kupanga vyombo vilivyokwisha kupangwa.

"Nipe basi," alisema.

"Nini, mama?"

"Huo mshipa. Kitovu chake nilikizika mwenyewe, nyuma ya nyumba, siku ya saba. Mwili wake tukauzika. Na hiki nitakizika, kisitupwe kwenye ndoo yenu."

Ningeweza kusema kanuni za kituo haziruhusu. Ningeweza kusema nimeshautupa. Lakini ombi la mama kutaka kumzika mwanawe halina mlango wa kutokea, na mimi sikuwa na uongo wa pili tayari. Nilifunga kile kipande kwenye bandeji safi, nikampa.

Hakukiweka mfukoni. Alikifungua juu ya goti lake, tabaka kwa tabaka, akakitazama. Kilikuwa bado na wekundu. Akainua bandeji hadi puani, akanusa, akashusha, akanusa tena.

"Daktari," alisema, maneno yakimtoka mazito kwa ule mdomo uliolegea. "Mimi nimelima viazi miaka arobaini. Kilichooza nakijua gunia likiwa bado limeshonwa."

Nilikaa kwenye kiti changu cha kazi.

"Hiki hakina harufu."

Nilitaka kusema damu, ufa, yule mzee aliyevimba shingo, lakini kila neno nililolishika lilikuwa la kujitetea.

"Kuta zenu ni za mbao," aliendelea kwa kunong'ona. "Nilimsikia akikuomba. Neno kwa neno. Nikasema moyoni, huyu ni mtu mzima, na ameniahidi, hatakubali." Alikunja bandeji polepole, akaifunga kwenye pindo la kitenge. "Ningekuwa nimemjibu huyu mtoto hata siku moja, asingekuja kukuomba. Hilo ni langu. Lakini la leo ni lako."

"Ni langu," nilisema.

"Utakaa nalo."

"Nitakaa nalo, mama."

Alisimama, akashika mkono wa kiti mpaka akawa imara. Kisha akanielekezea kidole, na kwa mara ya kwanza tangu aingie niliona ana hofu.

"Asijue. Akijua kwamba ulikuwa mzima, na kwamba yeye ndiye aliyeomba, itamla maisha yake yote. Nimeshazika mmoja."

Niliitikia kwa kichwa. Akajifunga kitenge mdomoni kwa mazoea, ingawa jino lile halikuwa na cha kuogopa tena kwenye baridi, akanipa ishara nifungue mlango.

Skolastika alikuwa amesimama kwenye kizingiti. Alinitazama mimi kwanza, na nikatazama sakafu. Akamgeukia mama yake.

"Mama, ulikuwa umeoza kweli?"

Mama Gaude alishusha kitenge ili asikike vizuri.

"Ulikuwa umeoza, mwanangu," alisema. "Umekula?"

Msichana alitikisa kichwa kwamba bado. Akamshika mama yake mkono, wakashuka ngazi pamoja kuelekea barabarani, nami nikarudi ndani kuosha trei.